Maganda ya Shaba

Husemwa milima haikutani.
Aliyesema hakuiona kampuni hii
ikikata kichwa cha mlima mmoja
na kukimwaga miguuni pa mwenzake.

Mimi ni Orpha Kessinger, mjane wa mchimbaji,
miaka sitini na tisa, goti la kushoto bovu.
Kila Jumanne napanda mgongo wa mlima huu
na mashine ya kunusa madini niliyoinunua kwa mkopo,
kijembe cha bustani, chupa ya chai.
Mashine ikilia, napiga magoti.
Goti nalo likilia, naliambia lisubiri zamu yake.

Jumanne ya kwanza: kizibo cha soda.
Ya pili: ganda la risasi, kijani kama chura.
Nililigusa kwa ulimi, utoto ukanirudia:
ladha ya zile sarafu za kampuni
alizolipwa babu, zisizonunua chochote
ila katika duka la kampuni.

Tangu hapo sihesabu. Nachora.
Maganda matano nyuma ya jiwe moja:
mtu amelala kifudifudi, ana subira.
Arobaini yametapakaa kwenye mteremko,
kila moja na alama ya pini iliyopinda kushoto:
mtu mmoja, bunduki moja, anakimbia akipakia,
mvulana labda. Kisha yanakoma.
Juu kabisa, maganda mamia, yamebanana kama meno:
hapo palikaa rashasha ya wenye mgodi.
Udongo haujasahau nani alisimama wapi.
Vitabu vyangu vya shule ndivyo vilivyosahau.

Walipanda na vitambaa vyekundu shingoni,
mwaka wa ishirini na moja, majani yakiwa bado mabichi:
babu yangu Thurman,
Ezra Pettway, mtu mweusi kutoka Alabama,
na Mtaliano ambaye babu alishindwa kutamka jina lake,
akamwita Jirani mpaka kufa.
Walitaka mizani isiyopunja.
Walitaka chama.
Walitaka mtoto akizaliwa usiku wa mgomo
asitupwe nje pamoja na kitanda alichozaliwa.

Leo kuna karatasi mbili juu ya mlima mmoja.
Moja yasema: hapa ni mahali pa kumbukumbu.
Nyingine yasema: chimbeni.
Ya pili ina tarehe.
Wakili wetu, kijana mwenye mafua yasiyoisha,
anasema jaji anataka ushahidi wenye mahali pake.
Ganda lisilo na mahali, mama, ni chuma chakavu tu.

Na mwanangu Garnet
anatoboa mashimo ya baruti kwa ajili ya kampuni.
Nimwambie nini? Ana watoto watatu na deni la nyumba,
na mji wetu umebakiwa na kazi mbili:
hiyo, na kuuza vidonge nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili tunakula maharage na mkate wa mahindi.
Mlima hautajwi.
Tunapitishiana chumvi
kama mabalozi wa nchi mbili.

Alhamisi usiku aligonga mlango wa jikoni,
mlango ambao hajawahi kuugonga.
Vumbi limemjaa kwenye kope. Hakuketi.
Aliweka mezani glavu moja, nzito.
Ndani, maganda saba.
Mgongoni mwa glavu, kwa kalamu ya kutilia alama miamba,
ameandika nambari, hatua ngapi
kutoka mwaloni uliopigwa radi,
na kina cha kila moja.

"Safu ya nne," alisema. "Wanalipua Jumatatu."

Nikamuuliza kama amekula.
Akasema amekula.
Nikapasha maharage.

Alikula amesimama, ameupa mgongo wake ramani,
nami nikaikunjua, nikavaa miwani,
nikaanza kutia nukta.
Sita zilikuwa za watu wengine.
Ya saba ilikuwa juu, hatua kumi tu
kutoka yalipo yale meno ya rashasha.
Nikaigeuza chini ya taa:
alama ya pini, imepinda kushoto.

Kumbe mvulana alifika.